Nina PMR, sasa panja linauma, taya linachoka na jicho limenifunga: ningoje miadi?

Mwanangu, asalaam aleikum.

Mie ni mama wa miaka 71, kwetu Tanga, Ngamiani, ila nipo huku Milton Keynes, Uingereza, kwa wanangu tangu mume wangu alipofariki. Nakusoma siku zote, kuandika ndo mara ya kwanza, na anayechapa ni mjukuu wangu, mie nasema yeye anaandika, kwa hiyo ukiona makosa ni yake.

Mwaka juzi niliamka asubuhi sina mabega. Yaani siwezi kuinua mkono kuvaa blauzi, siwezi kujigeuza kitandani, nyonga zimekakamaa mpaka kwenda chooni nishike ukuta, na ikifika saa tano hivi ndo mwili unafunguka kidogo. Nikasema baridi. Nikasema uzee. Tukahangaika wiki na wiki mpaka daktari akapima damu akaniambia una polimayalja rumatika, PMR, akanipa prednisoloni, vidonge vya steroidi, miligramu 15 kwa siku, na wallahi siku ya tatu nilikuwa nafua mapazia. Tangu hapo tunashuka mdogo mdogo, sasa hivi nipo miligramu 6.

Sa shida yenyewe. Kama mwezi hivi kichwa kimeanza kuniuma huku kulia kwenye panja, na sio kile kichwa changu cha presha ninachokijua, hiki kinauma halafu na ngozi yenyewe inauma, nikipitisha chanuo nasikia kama kuna kidonda na kidonda hakuna. Usiku siwezi kuulalia upande ule. Nilimsingizia mpwa wangu aliyenisuka twende kilioni akakaza, nikafumua zote, maumivu yapo palepale.

Afu taya. Nikila wali sina neno, ila nikitafuna kitu kigumu, nyama ya mbuzi au ile mikate ya huku yenye gome, nikifika katikati taya linachoka linauma, nikiacha linatulia, nikianza tena linauma tena. Nimekwenda kwa daktari wa meno kapiga picha kasema meno yako salama, labda unasaga meno usiku. Sasa nala uji na ndizi za kuponda na nimepungua, magauni yananipwaya.

Na Jumapili, hili sijamwambia mwanangu maana ataleta vurugu, nilikuwa jikoni nasonga ugali, jicho la kulia likafunga. Sio kufumba, lipo wazi ila kiza kimeshuka toka juu kama pazia, nikashika kabati nikasoma nilichojaliwa, baada ya dakika chache kikapanda nikawa naona kama kawaida. Mjukuu ndo anajua leo hapa ninavyomsemea na amenikodolea macho.

Shoga yangu mmoja ananiambia hilo ni jicho la watu, wameona watoto wangu wamejenga nyumbani, nisomewe. Mwingine anasema ni vidonge vyenyewe, steroidi zinaua macho, zinaleta sukari, niache nitumie habasoda na asali. Na kweli uso umejaa, nikijitazama kwenye kioo namwona mtu mwingine, basi nimeanza kuruka siku moja moja. Mwanangu wa kiume anasema miadi ya GP, daktari wa mtaa, ipo wiki tatu zijazo, ningoje, si natumia tayari dawa ya uvimbe ya mwili mzima, itakuwa nini tena. Na tiketi ya Tanga imeshakatwa, harusi ya mtoto wa dada yangu, safari ni wiki mbili zijazo na sitaki mtu anizuie.

Nambie, hii ni PMR inarudi kwa kuwa tumeshusha dozi, au macho ya uzee, au nini? Na hiyo miadi niingoje?

Bi wa Ngamiani

JIBU

Mama, waalaikum salaam, na shikamoo.

Wasomaji wajue kwanza kwamba barua hii haikungoja zamu yake. Mjukuu aliacha namba ya simu chini, nikaipiga usiku uleule, na kabla ya saa sita usiku mama alikuwa emajensi. Dawa ameshaanza, jicho linaona, na ruhusa ya kuichapa barua katoa mwenyewe. Kwa hiyo lile swali la kungoja miadi limeshajibiwa kwa miguu, ila kaniambia kwenye simu kwamba mpaka leo hajaelewa kwa nini watu walikimbia naye vile wakati hana homa wala hajaanguka, na najua wapo mama zetu na baba zetu wengine wanaomeza prednisoloni kwa ajili ya PMR ambao hawajawahi kuambiwa habari hii hata siku moja. Mie si daktari, ni nesi mstaafu, nimefanya kliniki ya viungo miaka mingi, ntaeleza kama nilivyokuwa nawaeleza wagonjwa wangu.

PMR ina ndugu yake. Huyo ndugu anaitwa jaianti seli ateraitisi, kwa kifupi GCA, na mkienda hospitali semeni GCA tu, wataelewa. Ni uvimbe kwenye kuta za mishipa mikubwa ya damu, hasa ile inayopanda shingoni kwenda kichwani, na unaojulikana zaidi ni ule unaopita kwenye panja. Ukuta wa mshipa ukivimba, njia ya damu inakuwa nyembamba, na kila sehemu inayotegemea mshipa ule inaanza kulalamika kwa namna yake. Watu wenye GCA karibu nusu yao wana PMR pia, na ukigeuza upande wa pili, kwenye watu 100 wenye PMR kama 10 mpaka 20 hivi wanapata GCA, wengine siku ileile wanapogunduliwa, wengine baada ya miezi, wengine wakati wanashusha dozi kama wewe. Chini ya miaka 50 karibu hamna, na wengi wana zaidi ya 70.

Sasa hoja ya mwanao, maana ndo inayowapoteza wengi na kwa kweli ukiisikia ina akili. Anasema mama yupo kwenye steroidi, dawa ni hiyohiyo, basi analindwa. Halindwi. Dawa ni moja lakini dozi ni mbalimbali kabisa. PMR inatulia kwa miligramu 15 hivi. GCA inataka 40 mpaka 60 kwa siku, na ikishagusa macho wanaanzia 60 kwenda juu au wanakutundikia dripu ya steroidi siku tatu. Wewe ulikuwa na 6, tena unaruka siku. Hiyo 6 inaweza kutosha kulainisha mabega yako asubuhi ukajiona mzima, huku kichwani mshipa unaendelea kuvimba. Tena kuna ubaya mwingine, dozi ndogo inashusha vile vipimo vya damu vya uvimbe, ESR na CRP, kwa hiyo mtu anapimwa majibu yanakuja mazuri mazuri anaambiwa nenda nyumbani. Wapo hata ambao hawajameza chochote na vipimo vyao havipandi, ni wachache ila wapo. Kwa hiyo mtu mwenye PMR akisema kichwa, taya, jicho, anatazamwa yeye, sio karatasi peke yake.

Umeuliza kama ni PMR inarudi. PMR ikirudi utaijua, inarudi kwa njia ileile iliyokujia, mabega, shingo, nyonga, ukakamavu wa asubuhi. Hiyo hata ikirudi unampigia daktari wako kesho au keshokutwa mnarekebisha dozi, hakuna anayepoteza kitu. PMR haipandi kichwani, haigusi taya, na jicho haina habari nalo kabisa. Ukiona mambo yamevuka shingo kwenda juu, hapo jina la ugonjwa limebadilika mpaka daktari athibitishe vingine.

Kichwa. Kila mzee ana kichwa chake, presha, mafua, miwani ya zamani, kelele za wajukuu. Kinachotushtua sisi ni kichwa kipya, yaani mtu wa miaka 71 anapata maumivu ambayo hajawahi kuyapata, na hayaondoki kwa panadoli. Mara nyingi ni upande mmoja kwenye panja, ila yanaweza kuwa kisogoni au kichwa kizima. Ukipapasa panja unaweza kuukuta mshipa umekuwa mnene, mgumu kama kamba, unauma ukiguswa, au haupigi tena. Na hiyo ngozi ya kichwa kuuma bila kidonda ni dalili yake kabisa: chanuo, mto, mtandio ukifungwa kwa nguvu, kofia. Kuna daktari Mwingereza, Jonathan Hutchinson, aliandika mwaka 1890 habari za mzee wa zaidi ya miaka 80 aliyekuwa na michirizi myekundu inayouma kichwani mpaka akashindwa kuvaa kofia yake. Msuko ukikazwa, mama, unauma kichwa kizima pale ulipovutwa na siku mbili tatu umeisha, mpwa wako hana kosa, kamwombe radhi.

Taya lako ndilo lililonifanya nishike simu hata kabla sijafika kwenye habari za jicho. Katika dalili zote za GCA hii ndiyo inayosema ukweli zaidi, na ndiyo inayokwenda kwa mtu asiye sahihi, kwa daktari wa meno. Msuli wa kutafuna ukifanya kazi unataka damu nyingi, mshipa umebana, damu haifiki, msuli unalia. Ukipumzika damu inautosha unanyamaza. Ndo maana wali haukuumi na mbuzi anakuuma. Jino bovu haliendi hivyo, linaumia kwa baridi na moto, linaamka usiku, ukiligonga linaruka. Na yule mwenye tatizo la kiungo cha taya anasikia kinalia kwa-kwa-kwa pale karibu na sikio na kinamuuma hata akipiga miayo tu. Wengine ulimi ndo unaouma au unakufa ganzi wakila, wengine koo. Daktari wa meno wala simlaumu, meno aliyotazama yalikuwa mazima kweli, swali ni nani alimwambia kwamba una PMR. Mtu mwenye PMR hilo liwe neno la kwanza kila anapoingia kwa mganga yeyote, wa meno, wa miwani, wa masikio, wa nyumba ya jirani.

Haya, jicho. Kile kiza cha Jumapili kilichoshuka na kupanda ni onyo. Damu iliacha kufika kwenye jicho dakika chache halafu ikarudi. Siku nyingine inaweza isirudi. Wengine hawapati pazia, wanaona ukungu, wanaona vitu viwili viwili, wengine hawapati onyo lolote wanaamka asubuhi upande mmoja hamna kitu, na haliumi, ndo ubaya wake, jicho linakufa kimyakimya bila wekundu wala machozi kwa hiyo mtu anasema ngoja nisafishe miwani kwanza. Mshipa wa fahamu wa jicho ukishakosa damu vya kutosha, kuona kule karibu siku zote hakurudi, hata ukipewa dawa za dunia nzima. Zamani kabla ya steroidi upofu kwenye ugonjwa huu ulikuwa jambo la kawaida mno, na mpaka leo wanaochelewa ndio wanaoumia. Tena likienda jicho moja bila dawa, la pili linaweza kulifuata ndani ya siku chache au wiki moja mbili. Sasa pima na ile miadi ya wiki tatu. Macho ya uzee, mama, ni mtoto wa jicho, yanafifia mwaka baada ya mwaka. Hayafungi saa nane mchana yakafunguka saa nane na dakika tano.

Kuna dalili nyingine ambazo kwenye barua hukuzitaja zote, ila kwenye simu nilipokuuliza mbili ulikubali. Kupungua mwili bila kujua sababu, nusu ni kwa ajili ya uji na ndizi, nusu ni ugonjwa wenyewe. Kutoka jasho usiku mpaka shuka linalowa. Homa ndogo ndogo, kuchoka kusikoelezeka, wengine kikohozi kikavu kisichopona. Na wapo ambao kichwa hakiwaumi kabisa, ugonjwa umekaa kwenye mishipa mikubwa ya kifuani na mikononi, hao wanasema nikianika nguo mkono unakufa nguvu, au ukipimwa presha mkono wa kulia na wa kushoto namba haziendani. Hiyo nayo ni GCA.

Wasomaji wenye PMR walio huku Uingereza, nawaambia tunavyokwenda. Kichwa kipya, ngozi ya kichwa kuuma au taya kuchoka bila jicho kuguswa, unapiga GP asubuhi hiyohiyo na hukubali miadi ya wiki ijayo, mwambie mtu wa mapokezi nina PMR, nina dalili za GCA, nahitaji daktari leo. Akisema nafasi hamna, piga 111, simu ya NHS, huduma ya afya ya serikali. Jicho likiguswa kwa namna yoyote, hata kama limerudi, hata kama ilikuwa dakika moja, unakwenda emajensi, na kama mji wenu una emajensi ya macho nenda huko. Haijalishi ni Jumapili au Idi. Mkiwa Dar au Mombasa au Kampala ni vilevile, hospitali kubwa yenye daktari wa macho, leo. Na kama Kiingereza kinakutatiza omba mkalimani, hospitali za NHS zinaleta bure, usimtegemee mtoto wa miaka kumi akatafsiri neno la taya.

Mwanao aliniuliza kitu kingine, kwamba aliona mahali imeandikwa huu ni ugonjwa wa Wazungu wa kaskazini. Ni kweli Skandinavia ndiko unakohesabiwa kwa wingi zaidi. Lakini mwaka 2019 ulitoka utafiti wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, ukaonyesha weusi na weupe hawakupishana sana kama vitabu vilivyokuwa vinadai. Na ukirudi nyuma kama miaka elfu, Ali bin Isa, tabibu wa macho wa Baghdad, ameandika habari za uvimbe wa kwenye panja unaoishia kwenye kupoteza kuona. Baghdad sio Skandinavia. Kwa maoni yangu kusema ugonjwa fulani si wetu kumechelewesha watu wetu wengi, maana daktari naye akiwa na wazo hilo kichwani anakupa panadoli anakutoa.

Sasa yanayokuja mbele yako. Umepewa 60, yaani vidonge 12 vya miligramu 5, usishtuke kwa wingi wake, unameza vyote mara moja asubuhi baada ya chai na kitu tumboni. Ukivimeza jioni usiku hulali. Kichwa mara nyingi kinatulia ndani ya siku chache, na kutulia kwenyewe kunawasaidia madaktari kuamini kwamba walichofikiria ndicho. Watakupiga ultrasaundi ya panja, wanatafuta duara jeusi kuzunguka mshipa, huo ndio ukuta uliovimba, na inatakiwa ifanyike mapema kwa sababu steroidi zikishafanya kazi duara linafifia. Pengine watakukata kipande kidogo cha mshipa wa panja, bayopsi, kwa ganzi ya hapohapo na unarudi nyumbani siku ileile. Hiyo inaweza kungoja wiki moja au mbili. Kitu kisichongoja ni dawa, na ndio maana hawakusubiri kipimo chochote usiku ule, wala si uzembe. Daktari anayekwambia tungoje majibu kwanza halafu tuanze vidonge wakati jicho limeshafunga mara moja, mgomee kwa adabu umwombe amwite mkubwa wake.

Baada ya hapo mnakaa juu mpaka dalili na damu vitulie, halafu mnashuka taratibu kwa miezi, mwaka mpaka miaka miwili, wengine zaidi. Ikigoma au ikirudi rudi kuna sindano ya tosilizumabu, ya kila wiki, Uingereza ilipitishwa mwaka 2018 kwa watu kama hao. Uso, mama, utajaa zaidi kabla haujapungua, sitakudanganya, na sukari lazima wakupime, na presha, na watakupa vidonge vya mifupa na kalsiamu na vitamini D kwa sababu steroidi zinakula mifupa, na pengine kidonge cha kulinda tumbo. Ukianza kukojoa sana na kiu, sema mapema.

Na ile habari ya kuruka siku. Hiyo iishe. Mwili uliozoea prednisoloni kwa muda mrefu unaacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo, ukiikata dawa ghafla unaishiwa nguvu, unatapika, presha inaanguka, unaweza kufa, na hapo sizungumzii GCA kabisa, nazungumzia kuacha dawa tu. Ukiharisha au ukitapika vidonge vikawa havikai tumboni ni emajensi. Omba ile kadi ya dharura ya steroidi, huku inatolewa tangu 2020, ikae kwenye pochi. Na ukiwa unafunga Jumatatu na Alhamisi, kwa sasa usifunge, na Ramadhani ikifika zungumza na daktari kabla haijaandama.

Shoga zako. Yule wa jicho la watu, mwambie asante kwa kukuwazia mema na asome, mie sigombani na dua, kisomo hakijawahi kumzuia mtu kumeza kidonge na wala kidonge hakibatilishi kisomo, ila kisitangulie emajensi. Yule wa habasoda, iweke kwenye mkate ile inukie, hilo ndilo inaloweza. Ila alipokwambia steroidi zinaua macho alichanganya mambo. Ni kweli zikitumika muda mrefu zinaleta mtoto wa jicho na zinaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho, na ndio maana utakaguliwa macho, lakini mtoto wa jicho anatolewa kwa operesheni na unaona tena. Kilichokuwa kinakuja Jumapili hakina operesheni.

Harusi. Najua hapa ndo ulipokuwa unapangojea. Mie ningeisogeza tiketi. Wiki mbili kutoka sasa utakuwa bado kwenye dozi kubwa, ultrasaundi na bayopsi vipo katikati, damu inapimwa kila mara, na dalili ikirudi upo njiani na mizigo. Bibi harusi utakwenda kumwona akiwa na mimba na utapokewa vizuri zaidi. Daktari wako akikuruhusu ukaamua kwenda, vidonge vyote vikae kwenye mkoba unaoingia nao ndani ya ndege na sio kwenye sanduku, beba vya wiki mbili za ziada, beba barua yenye jina la ugonjwa na dozi. Usichanjwe chanjo yoyote hai, ya homa ya manjano ikiwemo, bila kumuuliza daktari, na dozi kama yako jibu lake litakuwa hapana. Homa yoyote ukiwa Tanga kapime siku ileile, hospitali ya Bombo ipo, maana steroidi zinaficha homa kubwa ionekane ndogo. Jicho likifunga tena, harusi au si harusi, familia wajue kwamba ni Bombo kwanza waone dozi, na kwa daktari wa macho bingwa ni hospitali ya KCMC Moshi au Dar, usiku huohuo.

Mjukuu, wewe unayechapa, kuna kazi moja nakuachia. Hawa madaktari wakishusha dozi wanaisema kwa mdomo bibi yako akiwa anavaa koti, akifika nyumbani kila mtu ana namba yake. Mkirudi kliniki omba ratiba ya kushuka iandikwe, tarehe na miligramu, ibandike kwenye friji. Na uwe unamuuliza kila Ijumaa maswali matatu tu: kichwa, taya, jicho. Asipojibu moja kwa moja akaanza habari za uzee, nipigie.